Wimbo Ambao Sikuuitikia

Msinilaumu kabla sijamaliza. Nzomo ni ndugu yangu, tumbo moja, na hapa Kabati hakuna aliyeimba kama yeye. Yeye alikuwa ngui, yule anayetoa wimbo ngomani, nami Mbula nilikuwa mwitikiaji wake tangu usichana. Kwetu ngui akitoa wimbo, watu hawaupokei mpaka mwitikiaji wake aitikie kwanza. Akinyamaza, wimbo umekufa hapo hapo, hata uwe mtamu vipi.

Mdomo wake haukuogopa mtu. Alimwimba chifu na kitambi chake, akaiimba kodi, watu wakacheka mpaka wakakaa chini. Mwaka wa 1937 wakamchagua aende baraza la Kitui, ati atawasemea. Huko akapewa kofia na koti la vifungo vya shaba. Basi ndugu yangu akaanza kutembea polepole. Aka!

Mwaka uliofuata Serikali ikasema ng'ombe wamezidi, nyasi zimeisha. Nzomo akaja kwangu na sukari.

"Dada, tuwaimbie watu walete ng'ombe wachanjwe."

"Wachanjwe tu?"

"Haki ya mama yetu, wachanjwe tu."

Akatoa wimbo, nikaitikia. Watu wakaleta ng'ombe wote kwenye boma la miiba la Serikali. Nami nikamleta Nzeu, ng'ombe wangu wa pekee. Marehemu binti yangu aliniachia watoto watatu, na maziwa ya Nzeu ndiyo yaliyowaweka hai katika ukame wa mwaka ule. Jioni askari wakafunga boma. Kumbe kesho yake ng'ombe wataswagwa hadi Kibwezi, wapakiwe kwenye gari la moshi, wakauzwe.

Kulipokucha tulijaa nje ya boma, watu mia na zaidi. Askari walikuwa wanne tu. Nzomo akaja bila kofia, bila koti, analia waziwazi.

"Jamani, nami niliambiwa ni chanjo!"

Huenda ni kweli. Sikutaka hata kujua. Akapanda juu ya jiwe, akatoa wimbo mpya: ng'oeni miiba ya boma, kila mtu amwite ng'ombe wake kwa jina. Watu wote wakanigeukia mimi.

Nilikuwa na hasira, jamani. Nilitaka aone haya mbele ya watu, aonje kidogo. Nikafunga mdomo. Akarudia, nikatazama chini. Mara ya tatu sauti ikamkatika.

"Mbula, nakuomba."

Nikasema moyoni, ngoja, akitoa mara ya nne nitaitikia.

Hakutoa. Alishuka kwenye jiwe, akakaa vumbini. Askari wakafungua boma upande wa pili, wakawaswaga. Nilimwona Nzeu akipita, chuchu zimejaa, hajakamuliwa.

Yule mdogo wa wajukuu wangu watatu tulimzika kabla ya mvua. Nzomo hajaimba tena, na mimi simsemeshi, wala yeye hanisemeshi. Lakini kila siku nikisaga mtama huwa naitikia ule wimbo, peke yangu, kwa sauti yote, na hakuna wa kuutoa.