Uzi wa Njano Chumbani kwa Mama

Wachimba mtaro walipofika Sehemu ya H, mtaa wa Botshabelo, Afrika Kusini, Disebo alikuwa amewasubiri miaka mitano, ingawa wao hawakujua hilo. Miaka mitano kaka yake Tshokolo alikuwa Ireland, akiwaogesha wazee wa watu katika nyumba ya kulelea wazee, akingoja karatasi za ukaazi ambazo kila mwaka zilikuwa karibu kutoka. Akiondoka kabla hazijatoka, harudi tena. Na miaka mitano hiyo mama yao, Mamotse, hakuwahi kuuona uso wa mwanawe ukiwa umetulia. Mnara wa simu wa sehemu yao uliibiwa betri, zikawekwa nyingine, zikaibiwa tena. Video ikifunguka, Tshokolo alikatika vipande vya mraba kama sakafu ya vigae, mdomo huku, jicho kule.

"Huyu ni yeye au ni jirani yake?" Mama aliuliza siku moja, simu ikikaribia kumgusa pua. "Mwambie atulie nimwangalie."

Tangu Machi Mama hakutoka kitandani. Figo, daktari alisema, kisha akaongeza maneno mengi ambayo Disebo aliyaelewa yote kwa maana moja: siku ni chache. Mama hakuomba dawa nyingine. Aliomba amwone Tshokolo, mzima, bila vipande. Ndiyo maana Disebo alipoona mtaro wa faiba, nyuzi za intaneti ya kasi, unapita mbele ya lango lao, alivaa viatu akatoka kwenda kumtafuta muuzaji.

Muuzaji aliitwa Kgotso, kijana wa viatu vyeupe na makaratasi kwapani. "Mtaro ukiwa wazi, kufungiwa ni bure," alimwambia. "Ukishafukiwa, kila mtu na mfuko wake. Tunafukia baada ya wiki mbili."

Disebo hakumjibu pale barabarani. Alimwalika Jumapili kwenye kikao cha chama cha kuzikana, uani kwa Mmadiphoko, jirani wa ukuta mmoja na mwenyekiti wa chama. Wanawake kumi walikaa kwa duara na blauzi zao za rangi ya damu ya mzee, vikombe mkononi, wakamtazama kijana yule kama wanavyomtazama mtu aliyekuja kuomba mchumba bila wazazi.

"Randi mia tatu tisini na tisa kwa mwezi," Kgotso alisema. "Kasi ya ajabu, mama zangu."

"Hapa tuko nyumba kumi," Disebo alisema. "Ukitoka hapa utagonga mlango mmoja mmoja, na mbwa wa mtaa huu umeshawaona. Ukikaa, unaondoka na sahihi kumi kabla chai haijapoa. Mia mbili themanini."

"Dada, unataka nifukuzwe kazi."

"Ukifukuzwa njoo tukuandikishe chamani. Tutakuzika vizuri."

Duara likacheka. Kgotso naye akacheka, lakini akajifuta jasho. "Sijawahi kuona watu wananunua intaneti kama wananunua jeneza."

"Jeneza ndiko tulikojifunzia," Mmadiphoko alisema. "Na yule wa majeneza alikuja na viatu vimetoboka, tukamshusha hivyohivyo. Wewe mwenye viatu vyeupe una huruma gani ya kuomba? Shusha."

Kgotso alikwenda langoni kupiga simu kwa bosi wake, akarudi, akaenda tena. Aliporudi mara ya pili alikuwa amekubali: mia mbili themanini, mkataba wa miaka miwili, na kila nyumba ipewe betri ndogo ya kuilinda ruta umeme ukikatika. Wazo la betri lilikuwa la Disebo. Aliidai mwisho kabisa, kalamu ikiwa tayari juu ya karatasi. Mtaa mzima ulimsifu wiki ile. Dukani mtu alimwita waziri wa mawasiliano. Alitembea kichwa juu, na kwa nini asitembee hivyo? Maisha yake yote alikuwa amelipa bei waliyotaja wengine.

Fundi alifika Jumanne, mtu mpole aliyeitwa Sello, na drili na ngazi. Alipima kutoka nguzoni.

"Sebuleni ni mita kumi na tisa," alisema. "Chumbani kwa mama ni kumi na moja. Za bure ni kumi na tano. Za ziada ni randi sitini kila mita."

"Chumbani," Disebo alisema, bila kufikiri mara mbili. Mama mwenyewe alikuwa humo, na hakuna sababu ya kulipia mita nne za kumpelekea mwanawe sebuleni.

Sello akatoboa ukuta juu ya kitanda, vumbi la tofali likamwangukia Mama kwenye blanketi, naye akasema angalau sasa kuna kitu kipya mwilini mwake. Kupitia tundu lile ukaingia uzi mwembamba wa njano, ukaishia kwenye kisanduku cheupe ukutani. Sello akamwonyesha Disebo ule uzi.

"Hii si waya, dada. Ndani ni kioo, chembamba kama unywele wa mtoto. Usiukunje, usiufunge fundo. Ukiuviringisha kama kamba ya kuanikia nguo, umekufa."

Disebo aliitikia. Mama alikuwa ameshasinzia, na hapakuwa na mwingine wa kuyasikia maneno yale.

Taa ya kisanduku iliwaka nyekundu. Itageuka kijani, Sello alisema, ofisi ikishawasha laini. Ndani ya siku saba. Basi kila asubuhi Mama aliinua macho ukutani kabla ya kuuliza hali ya hewa au uji.

"Imegeuka?"

"Bado, Mama."

"Haraka yao ilikuwa ya sahihi tu."

Siku ya nne hakuweza kuinua kichwa. Disebo alimweleza rangi ya taa. Siku ya tano hakuuliza. Siku ya sita, Jumapili, kabla ya jua, akafa, taa nyekundu ikimwangalia.

Jumatatu saa nne, wanawake wakiwa wametoa kitanda, wamegeuza kioo cha kabati kitazame ukuta na wametandika godoro la msiba sakafuni, taa ikageuka kijani. Disebo alitoka uani akaegemea tangi la maji hadi Mmadiphoko alipomfuata na kumfunika shali.

Ndipo kwa mara ya kwanza aliongea na kaka yake bila vipande. Picha ilikuwa safi kiasi kwamba aliona mvi kwenye ndevu zake, mvi ambazo miraba ile ilikuwa imezificha miaka yote. Tshokolo alikuwa chooni kazini, amefunga mlango.

"Hakuniona," alisema.

"Hakukuona."

"Basi mimi nimwone. Jumamosi ya mazishi, kabla hamjafunga jeneza. Hilo tu, Disebo. Nipeleke pale nimtazame usoni."

Idhini ya jambo hilo ilikuwa ya shangazi yao Mmathapelo, dada wa marehemu baba, aliyekuja kutoka Ladybrand kukaa godorini na kusimamia msiba. Mwanamke mkubwa, sauti ndogo, asiyerudia neno. Alisikiliza, akakunja midomo.

"Mtoto ana haki ya uso wa mama yake," alisema mwishowe. "Kuangalia, aangalie. Lakini picha ya kubaki kwenye simu, hapana. Maiti wetu hatembezwi mtaani kwenye vidole vya watu."

"Sitapiga picha, shangazi."

"Najua hutapiga."

Wiki nzima watu walikuja jioni kusali, na wiki nzima Disebo alikwenda kuichungulia taa ile kama mtu anayechungulia mtoto aliyelala. Kijani. Kila siku kijani. Alimwahidi Tshokolo. Tshokolo aliomba ruhusa kazini.

Ijumaa mchana Disebo na binamu zake walikwenda chumba cha maiti kumchukua Mama, aje alale nyumbani kwa mara ya mwisho kama ilivyo desturi. Waliporudi na gari jeusi, saa kumi, wimbo ukiwapokea langoni, chumba kilikuwa tupu na safi. Godoro, mishumaa miwili, mahali pa jeneza. Wakaliweka. Disebo aliinua macho ukutani. Misumari miwili, na chini yake tundu, na kwenye tundu uzi wa njano umeviringishwa kitita kidogo, nadhifu, umefungwa fundo katikati.

"Kisanduku kiko wapi?"

"Nimekihifadhi," shangazi alisema kutoka godorini. "Kijitaa kile kingempepesea mama yako macho mpaka asubuhi. Usiku wake wa mwisho nyumbani ni wa mishumaa. Kiko kwenye droo ya jikoni, nimekifunga kitambaa. Kesho alfajiri utakirudisha."

Disebo alikileta. Alilifungua fundo kwa kucha, polepole, akauchomeka uzi. Taa ikawaka nyekundu. Akauchomoa, akaupuliza, akauchomeka tena.

"Si ni waya tu?" shangazi aliuliza.

"Ni kioo, shangazi."

"Kioo gani hicho kinachokunjika?"

"Hakikunjiki."

Disebo alitoka kupiga simu. Ofisini mashine ilimshukuru kwa uvumilivu na kumwambia watafungua Jumatatu. Alimpigia Sello mwenyewe.

"Dada, pole sana," Sello alisema. "Ukishavunjika ndani haurudi kwa mkono. Unahitaji mashine ya kuunganishia, na mashine inalala ofisini, ufunguo anao msimamizi. Ningekuja hata kwa miguu. Ningekuja kufanya nini?"

Aliporudi chumbani, shangazi alikuwa amesogea ukutani. Alikuwa ameulaza uzi wa njano juu ya goti lake na anaunyoosha kwa kidole gumba, kutoka tunduni hadi nchani, kisha tena kutoka tunduni. Wanawake waliimba, na yeye akaunyoosha. Hakuna aliyemwambia aache.

Ilibaki waifai ya Mmadiphoko. Disebo aliipima kabla giza halijaingia, simu mkononi, hatua kwa hatua. Ilivuka ukuta wa uani, ikafika kwenye kamba ya nguo ikiwa na nguvu, na kwenye mlango wa jikoni ikafa. Matofali ya nyumba yao hayakuiruhusu kuingia.

Akapiga magoti kando ya godoro. "Shangazi, kesho tukimtoa, tusimame uani kidogo. Tumfungue dakika moja."

"Uso haufunguliwi nje ya nyumba, mwanangu. Ukifungwa umefungwa. Angekuwa mama yangu mimi ningekujibu hivyohivyo."

"Basi picha moja. Nimtumie, kisha niifute."

Shangazi alimtazama, uzi bado gotini. "Ningekuwa na cha kukupa kwa nilichovunja, ningekupa," alisema. "Hicho siwezi."

Disebo, aliyemshusha bei kijana wa viatu vyeupe mbele ya mtaa mzima, alitafuta pa kushika, hakupaona.

Saa kumi na moja alfajiri watu walipanga mstari kuuaga uso. Disebo alikuwa wa mwisho. Alipofika, Mmadiphoko, aliyesimama kichwani pa jeneza, aligeuza macho dirishani na kukaa hivyo. Shangazi alikuwa ameinamisha kichwa. Simu ilikuwa kiunoni chini ya shali, na vidole vya Disebo vilikuwa vimeshaigusa. Akavitoa. Akamtazama mama yake jinsi mtu anavyosoma barua ambayo lazima airudishe. Kisha kifuniko kikashuka, naye akatoka kwa mlango wa jikoni hadi kwenye kamba ya nguo.

Tshokolo alikuwa hewani. Amevaa suti. Nyuma yake palikuwa usiku bado.

"Wamefungua?"

"Wameshafunga, kaka. Waifai haifiki ndani. Nimeshindwa."

Alitarajia matusi. Tshokolo alitazama pembeni, akavuta pumzi, akarudi.

"Umemwona wewe?"

"Nimemwona."

"Basi niambie. Usiruke kitu."

Disebo alimwambia. Kwamba wamemfunga kilemba cha bluu, na fundo wameliweka upande wa kushoto, ambao Mama hakuwahi kuufungia. Kwamba mashavu yamerudi kidogo, kama enzi zile alipofanya kazi kiwandani. Kwamba mdomo umefungika vizuri isipokuwa pembe moja, ile ya kulia, iliyokaa kama anataka kusema jambo la kumkera mtu. Kwamba kovu la pasi liko palepale kidevuni.

"Lile nililomchoma mimi," Tshokolo alisema.

"Hilohilo."

"Endelea."

Aliendelea hadi akaishiwa, na wimbo ukatoka mlangoni na jeneza nyuma yake. Akageuza simu. Kutoka mlangoni hadi langoni Tshokolo aliona mbao, mabega ya binamu zake, na kofia ya mchungaji. Picha haikukatika hata mara moja. Gari lilipowashwa alikuwa bado anatazama, na Disebo alipopita lango kwenda kupanda basi la waombolezaji, uso wa kaka yake ukaanza kukatika, vipande vinne, vipande vingi, kisha duara likizunguka.

Jumatatu Sello alifika na mashine. Shangazi alikuwa bado yupo, godoro limeshaondolewa, chumba kinanuka nta ya mishumaa. Sello alipanda kiti, akaukata uzi uliovunjika, akashika sehemu yake nzima.

"Nirudishe palepale?"

"Hapana. Peleka sebuleni."

"Sebuleni itabidi uzi mpya, na gharama ya kuhamisha." Aliushusha mkono, akajiandaa kwa mabishano. Habari za Disebo alikuwa amezisikia kwa Kgotso. "Yote pamoja mia saba na hamsini."

Disebo alifungua pochi, akahesabu, akampa.

Sello alizitazama zile noti. "Leo hubishani, dada?"

"Toboa," Disebo alisema, akatoka kwenda kuanua nguo nyeusi kwenye kamba.