Nyumba Isizidi Salamu

Katika nchi zote zilizowahi kutandikwa chini ya mbingu, hakukuwa na watu wakweli wa masikio kama watu wa Mwitikoni: salamu ikipita hewani haikuanguka chini bila kudakwa, na mtu wa huko akisema "nimesikia" basi amesikia, akisema "sikusikia" basi hata ukuta haukusikia. Hilo naliapia kwa meno yangu yote, pamoja na lile bovu. Na mimi ninayesimulia, ingawa wenye wivu hunisingizia, sijawahi kutia chumvi popote, labda kwenye muhogo.

Mwitikoni kilikuwa kitongoji pembezoni mwa mji wa Kilele, na Kilele ndiyo ilikuwa makao makuu ya nchi ya Wimani, nchi iliyotawaliwa na Warefu. Usidhani walikuwa warefu wa miguu. Urefu kwao ulikuwa cheo: diwani alikaa juu ya kiti, waziri akakaa juu ya kiti kilichopandishwa mezani, na Mtukufu Kirungu, Mrefu wa Warefu, ambaye akivua viatu alilingana na mtungi wa maji, alikaa juu ya kigoda kilichopandishwa ngazi saba, akila huko huko, akihukumu huko huko, na akipiga chafya waliokuwa chini walijifuta nyuso na kushukuru. Kila Mrefu alijenga ghorofa ili amchungulie jirani yake, na kila jirani akaongeza orofa moja ili asichunguliwe, mpaka jua la Kilele likawa linachomoza saa nne na kutua saa nane, na watu wa mjini wakazaliwa, wakaoa na kuzikwa bila kukutana na vivuli vyao wenyewe.

Lakini Mwitikoni, ah, Mwitikoni ilikuwa imelala chali ikiliangalia jua machoni. Nyumba zake zilikuwa fupi kama watu waliochuchumaa kuota moto, na zilikuwa fupi si kwa umaskini bali kwa desturi. Mtu alipomaliza kuezeka alipanda juu ya paa, akakaa kwenye mgongo wa nyumba yake, akasalimia kwa sauti ile ile ambayo angeombea chumvi. Chini, katika ua wa jirani, Msikizi alikuwa amekaa juu ya mkeka. Akisikia, aliitikia, vigelegele vikapigwa na sufuria za wali zikafunuliwa. Asiposikia, fundi alipandishwa ngazi kutoa tofali moja moja mpaka salamu ifike. Nyumba isizidi salamu, ndivyo walivyosema, na hawakuhitaji kusema zaidi.

Msikizi wa mwisho aliitwa Bi Sikudhani. Kazi hiyo aliirithi kwa baba yake, lakini iliyomlisha ilikuwa udobi. Alipanga vyumba viwili na ua mmoja, na katika ua ule alikuwa na kamba tano, beseni nne na jua zima. Mpaka leo ukimgusia zile asubuhi, mikono yake inaacha kukamua. Anakumbuka mtu akipiga chafya nyumba ya tatu akaombewa afya na nyumba ya kwanza. Anakumbuka kijiko cha sukari kikivuka kuta nne kwenda kwa mgonjwa na kurudi na habari zake. Anakumbuka shuka zikianikwa saa tatu, na saa sita zikikunjwa zimekauka kwa harufu ambayo hakuna sabuni iliyowahi kuiiga. Ng'ambo ya ukuta alikaa Chakupewa, fundi viatu, mtani wake tangu utotoni.

"Dobi!" angemwita, misumari ikiwa bado mdomoni. "Hilo jua umelifunga kamba nini, mbona haliondoki kwako?"

"Nimelifunga kwa uzi wako wa viatu," Sikudhani angejibu. "Ndiyo maana nina hofu, kesho litaachia."

Likaachia kweli.

Siku moja alifika Mpima, mtumishi wa Warefu, kichwani kofia ngumu ya manjano, kwapani daftari, na nyuma yake mabwana watatu waliokitazama kitongoji kama mtu anavyoitazama sahani ya mwenzake. Huko Kilele mbingu ilikuwa imejaa, na Warefu walitaka mbingu nyingine. Watu walitarajia kwamba watakuja kuivunja desturi, wakajiandaa kuitetea. Loo, Warefu si wajinga hivyo! Waliibusu. Mtukufu Kirungu aliigeuza kuwa sheria ya nchi, akaigonga mhuri wa dhahabu, na sheria ikabandikwa kwenye kila mlango: "Jengo lolote la Mwitikoni halitaongezwa orofa ila Msikizi asikie salamu kutoka juu yake. Asiposikia, lishushwe mpaka atakaposikia. Na neno la Msikizi halipingwi na yeyote, hata Mrefu wa Warefu."

Wana Mwitikoni wakapiga vigelegele mpaka sauti zikakauka. Chakupewa peke yake ndiye aliyesoma mara mbili.

"Mtu mfupi akikusifia mlango wako mfupi," alisema, "kaangalie kama hajaja na ngazi."

Hakuja na ngazi; alikuja na kipaza sauti. Jengo liliitwa Makazi ya Upeo, lilianzia mgongoni kabisa mwa ua wa Sikudhani, na lilipofika orofa ya pili Mpima alipanda juu na chombo chenye mdomo mpana kuliko beseni la kufulia blanketi.

"HAMJAMBO WANA MWITIKONI!"

Vifuniko vya sufuria viliruka, kuku wakasahau mayai yao. Na Bi Sikudhani, kabla akili haijavaa viatu, mdomo wake ulishafika mlangoni: "Hatujambo, sijui wewe!"

Mpima akafungua daftari akaandika: Imesikika.

"Si ungenyamaza!" Chakupewa alimfokea kutoka ng'ambo ya ukuta.

"Ninyamazie salamu ya mtu?"

"Ile si salamu, dobi. Ile ni radi."

"Hata radi, Chakupewa, mama yangu alikuwa akiiambia karibu."

Hapo ndipo kosa lilipokuwa, na ni kosa ambalo watu wa mahali pengine wasingeweza kulifanya. Mtu wa Kilele angeziba masikio, angetukana, angedai fidia. Mtu wa Mwitikoni alijua kukataa ugali, kukataa posa, hata kukataa dawa. Kukataa kuitikia hakujua, kama pua isivyojua kukataa chafya. Kila orofa ilipomalizika kipaza sauti kilinguruma, na kila kiliponguruma Sikudhani aliapa kwamba leo atauma ulimi, akauma, akaitikia kwa ulimi wenye jeraha. Imesikika. Imesikika. Orofa ya tano, ya tisa, ya kumi na mbili. Jengo lilikua kwa adabu zake, kama kupe anavyonenepa kwa upole wa ng'ombe.

Orofa zile walizinunua Warefu, kila mmoja kwa kadiri ya cheo chake, ili wazipangishe. Lakini kodi zake zilikuwa ndefu kuliko jengo lenyewe, na wapangaji walifika, wakainua vichwa kuitafuta bei, wakashikwa na kizunguzungu wakaenda zao. Vyumba vilibaki vitupu, madirisha yakiangaza kama macho ya samaki sokoni. Hilo halikuwazuia wenye nyumba fupi za jirani kujiona nao wamerefuka. "Tunapakana na Upeo," walisema wakipandisha kodi za vibanda vyao, kana kwamba urefu ni upele unaoambukiza. Basi watu wakaanza kuhama. Walihama mmoja mmoja, magodoro yamekunjwa kama chapati, wakiaga kila ukuta. Aliyekuwa akipiga chafya nyumba ya tatu alihama. Aliyekuwa akimwombea afya alihama wiki iliyofuata, kwa maana alikaa akisubiri chafya na haikuja.

Na kivuli kikaja kukaa. Kiliingia uani kwa Sikudhani saa tatu asubuhi kama mgeni asiyevua viatu, kikajinyoosha juu ya kamba zote tano. Shuka zilikaa siku tatu zikatoka na harufu ya pango, wateja wakanusa wakaondoka. Kisha ikabandikwa karatasi mlangoni: orofa ya kumi na sita, ambayo ndiyo ya mwisho, ikishasikika, ua wa dobi utasakafiwa uwe maegesho ya magari ya wapangaji.

"Wapangaji gani?" Chakupewa aliuliza.

"Wa kufikirika," alisema Sikudhani. "Na magari yao ni hayo hayo. Ila ua wangu ndio wa kweli."

Siku ya orofa ya kumi na sita Mtukufu Kirungu aliamua kusalimia mwenyewe. Warefu wote walikaa kwenye vibaraza vya orofa zao, mmoja juu ya mwingine kama sahani kabatini. Mtukufu akapanda kwa lifti, taa zote zikawashwa mchana kweupe ili kumheshimu, feni zikazungushwa kwenye vyumba visivyo na mtu, muziki ukafunguliwa. Na umeme, ambao nao una kiasi chake cha unyenyekevu, ukakatika. Lifti ikalala. Kipaza sauti kikakohoa mara moja kikafa. Upepo ulikuwa umesimama. Hata jani la mpapai halikutikisika.

Kule juu Mtukufu alishika ukuta kwa mikono miwili. Alitazama chini, akanong'ona, "Mama yangu, kumbe ni juu hivi!" Kisha akajikaza, akasalimia kwa koo lake mwenyewe, jembamba kama filimbi ya mtoto: "Hamjambo huko chini, watu wangu? Mmeamkaje, na nguo zenu zimeamkaje?"

Chini, Bi Sikudhani alikuwa amekaa kwenye mkeka wa baba yake. Mpima alisimama kando, kalamu tayari. Chakupewa alikuwa ametoa misumari yote mdomoni. Sikudhani aliziangalia kamba zake, akamwona baba yake akiitikia paa baada ya paa, akasikia chafya ya nyumba ya tatu ambayo haikuwapo. Shingo yake ilivimba, midomo ikatetemeka, jasho likamshuka hadi kidevuni kama mtu anayezuia mlango usifunguliwe na ng'ombe. Akaweka kiganja nyuma ya sikio.

"Sikusikia," alisema.

Mpima akatazama juu, akatazama sheria, akautazama mhuri wa dhahabu. Neno la Msikizi halipingwi na yeyote. Akaandika kwa mkono uliosahau herufi: Haikusikika.

Hapo mngedhani Warefu wangepinduka kwa hasira. Thubutu! Mrefu wa orofa ya kumi na tano alikuwa wa kwanza kusimama kwenye kibaraza chake. "Ni kweli, nami sikusikia kitu," alisema, akiwa tayari anajiona yeye ndiye atakayekuwa juu. Mafundi wakapandishwa, orofa ya kumi na sita ikatolewa tofali moja moja, na Mtukufu, aliyeapa sasa kusikika kwa koo lake mwenyewe bila kipaza sauti, akasalimia kutoka ya kumi na tano. Sikudhani akaweka kiganja nyuma ya sikio. "Bado, Mtukufu. Shuka kidogo." Wa kumi na nne akasimama kuthibitisha. Orofa hadi orofa wakashuhudiliana, kila mmoja akiwa radhi kumzika wa juu yake ili awe kilele kwa wiki moja, na kila wiki sauti ile nyembamba ikisogea karibu, na kila wiki dobi akiinamisha kichwa kwa heshima zote: "Bado, Mtukufu. Labda ni upepo."

Leo jengo lina orofa nne. Jua limerudi kwenye kamba ya kwanza, ya pili na nusu ya tatu. Si wote waliohama waliorudi; nyumba ya tatu ina mtu mwingine, hapigi chafya, lakini anajifunza kuitikia. Na kwa kuwa Mwitikoni hawasemi uongo wa masikio, mimi nasimama hapa uani kwa Bi Sikudhani, mbele ya wateja wote waliofuata nguo zao, na kuapa kwamba siku ile ya orofa ya kumi na sita hakuna kiumbe, narudia, hakuna kiumbe chini ya jengo lile aliyesikia hata neno moja kutoka juu.

"Kijana," ilisema sauti nyuma ya shuka.

Shuka ikasogezwa. Alikuwa Mpima, amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, kofia ya manjano magotini, amevaa fulana tu kwa kuwa shati lake lilikuwa kambani likikauka.

"Kama hakuna aliyesikia hata neno," alisema polepole, akilitoa daftari kwapani, "lile la 'Mama yangu, kumbe ni juu hivi' umelipata wapi? Maana na mimi, siku ile, nililisikia hivyo hivyo."

Mimi niliinama kuokota vibanio vya nguo. Chakupewa alirudisha misumari mdomoni, mmoja mmoja. Mpima akafungua ukurasa, akashika kalamu, akasubiri. Kisha, bila kutaka, macho yake yakaenda kambani, kwenye shati lake jeupe lililojaa jua.

Bi Sikudhani alikuwa anakamua shuka. Hakugeuka.

"Umesemaje, mwanangu?" aliuliza, akiweka kiganja chenye povu nyuma ya sikio. "Sikusikia."