Mchezo Aliouchagua Praxeda

Jumamosi moja ya Februari, saa tatu asubuhi, Praxeda Kokushubila aliketi kwenye meza ya chakula nyumbani kwake Gahanga, pembeni mwa Kigali, akafungua daftari la shule, akaandika juu ya ukurasa wa kwanza: Michezo. Chini yake aliandika masharti manne. Uwe wa bure kweli. Uwe mwepesi, kwa sababu simu ya Wenceslaus ni ya zamani. Watu wawili walio mbali waweze kutembea pamoja ndani yake. Watu wake wawe na adabu.

Wenceslaus alikuwa mumewe. Alikuwa fundi umeme wa hoteli huko Doha, mwaka wa tatu sasa. Walioana Bukoba, wakahamia Kigali pamoja kwa ajili ya kazi ya Praxeda, ambayo ilikuwa kutafsiri kwa Kiswahili maelekezo ya vifaa vya hospitali: jinsi ya kusafisha kipimo cha presha, jinsi ya kufunga breki za kitanda cha magurudumu. Kisha kazi ya Wenceslaus ikaisha, akapata nyingine mbali. Hawakujaliwa mtoto. Waliongea kwa simu kila Ijumaa, siku yake ya mapumziko, na maongezi yalikuwa yamepungua mwezi hadi mwezi mpaka yakabaki maneno machache. Umekula? Nimekula. Huko kuna joto? Kuna joto. Ijumaa iliyopita walikaa kimya karibu dakika nne, kila mmoja akimsikia mwenzake anavyopumua, ndipo Wenceslaus akasema, "Wenzangu hapa wanacheza michezo ya mtandaoni na wake zao. Ile ya watu wengi, unakuwa na mtu wako ndani, mnasafiri, mnapigana na madude. Wanasema inasaidia. Angalau tutakuwa na cha kuongea."

"Basi nitatafuta mmoja," Praxeda alisema.

"Tafuta mzuri. Mimi sina muda wa kujaribu-jaribu."

Ofisini alimuuliza Kellen wa mapokezi, aliyekulia Kampala na kuicheza michezo hiyo tangu sekondari. Kellen alimwandikia majina manne kwenye karatasi.

"Anti, angalia sana hiyo neno ya bure," alisema. "Iko bure ya kuingia, na iko bure ya kukaa. Si kitu moja."

Mchezo wa kwanza ulikuwa wa bure mpaka kwenye lango la tatu. Hapo alisimama mlinzi mwenye mkuki, akidai vito vinavyonunuliwa kwa kadi ya benki. Praxeda akarudi nyuma. Asubuhi yake mlinzi alikuwa kwenye mlango wa jiko lake, mkuki ukiwa umelala kutoka fremu hadi fremu, na Praxeda alikunywa chai ofisini siku mbili mpaka alipoufuta mchezo ule kwenye simu. Mlinzi akaondoka. Kwenye daftari aliandika: Hapana.

Wa pili ulikuwa na milima ya theluji. Ulimaliza bando la wiki nzima kwa saa moja na simu ikapata moto hata akaishika kwa kitambaa. Theluji ilibaki kwenye kibaraza. Mama mwenye nyumba, Ingabire, alikuja kuangalia bomba lililokuwa likivuja, akamkuta Praxeda anaifagia.

"Usisukume huku kwa ukuta, mama," Ingabire alisema. "Iko na rangi mpya."

Wa tatu ulikuwa mzuri wa kutazama kuliko yote, lakini wachezaji walitukanana. Walimtukana na yeye, kwa lugha tano, kwa sababu alitembea polepole. Matusi yalinasa kwenye mapazia ya sebuleni. Aliyashusha mapazia, akayaloweka kwa sabuni ya unga, akayaanika. Matusi mawili hayakutoka kabisa. Yalibaki chini karibu na pindo, kwa herufi ndogo, na mgeni asingeyaona mpaka ainame. Wageni hawakuwapo.

Wa nne uliitwa Ondara. Haukuwa na picha za kustaajabisha. Miti yake ilirudiarudia na mto ulitiririka kama kitambaa kinachovutwa. Lakini ulikuwa wa bure mpaka mwisho, ulienea kwenye simu ya zamani, na siku ya kwanza tu mchezaji mmoja asiyemjua alisimama kumwonyesha njia ya kisimani. Praxeda aliutembelea jioni kumi mfululizo kabla ya kumpigia Wenceslaus kumwambia kwamba amepata.

Alijitengenezea mwanamke mrefu wa vazi la kijani, mponyaji, akamwita Praxeda, kwa kuwa hakuona sababu ya kutafuta jina jingine. Wenceslaus alitengeneza mpiganaji mwenye ndevu nyingi. Ijumaa nne za mwezi Machi, saa kumi na mbili jioni kwa Kigali, walitembea pamoja Ondara. Walivuka msitu. Waliua nguruwe mkubwa na Wenceslaus akacheka, kicheko ambacho Praxeda hakuwa amekisikia tangu uwanja wa ndege. Walikusanya mawe na mbao wakajenga nyumba karibu na lango la mji. Mchezo ulikubali jina moja tu kwenye hati ya nyumba, na Praxeda aliandika la mumewe.

Ijumaa ya tano Wenceslaus alikuwa amechoka. Ya sita hoteli ilikuwa na wageni wakubwa. Baada ya hapo hakutoa sababu na Praxeda hakuuliza. Aliendelea kuingia. Alipotoka kazini alioga, akaweka maji ya ugali jikoni, akafungua simu, na mwanamke wa kijani akasimama mbele ya nyumba yao, mahali ambapo mtu anayeingia mjini ni lazima apite.

Pale langoni alikaa mwuza taa. Hakuwa mchezaji, alikuwa mtu wa mchezo wenyewe, aliyepewa sentensi tatu na waliomtengeneza. Kila mtu alipomkaribia alisema, "Karibu, msafiri." Kisha: "Ninauza taa za mafuta na kamba." Na mwisho: "Daraja la kaskazini limevunjika." Praxeda alimwandikia salamu kila jioni ingawa mwuza taa hakuwa na namna ya kuisoma. Ofisini siku nyingi ilifika saa nne asubuhi kabla ya mtu kumsemesha. Nyumbani, majirani wa kulia na kushoto walikuwa na kuta ndefu na magari yenye vioo vyeusi, na katika miaka minne alikuwa amejua jina la mbwa mmoja tu.

Mwezi wa nane tangazo lilitokea kwenye kioo. Wenye Ondara waliwashukuru wachezaji wote na kusema kwamba, kwa sababu za kibiashara, mchezo ungefungwa Jumapili tarehe ishirini na nane Septemba, saa kumi jioni.

Alimpigia Wenceslaus.

"Ndiyo shida ya vitu vya bure," Wenceslaus alisema. "Ungechagua unaodumu."

"Nilichagua wenye adabu."

"Sawa."

"Siku ya mwisho utaingia?"

"Nitajaribu."

Jumapili ile Praxeda aliingia saa nane mchana. Wachezaji wengi walikuwa wamekusanyika kwenye uwanja wa soko. Wengine walicheza ngoma, wengine walivua silaha zao wakazipanga chini kama vyombo vya msibani. Mwanamke wa kijani hakwenda sokoni. Alisimama mbele ya nyumba. Ilipobaki dakika moja alitazama barabara ya msituni, na barabara ilikuwa tupu. Saa kumi kamili kioo kikawa cheupe. Praxeda aliweka simu kwenye chaji, akaenda kuosha vyombo.

Asubuhi, alipofungua geti kwenda kazini, mwuza taa alikuwa ameketi nje na kapu lake.

"Karibu, msafiri," alisema.

Ndani ya mchezo alikuwa akisema Kiingereza. Hapa Gahanga alisema Kiswahili, neno kwa neno kama Praxeda alivyokuwa akimtafsiri kichwani muda wote ule. Praxeda aliona kwamba tafsiri ilikuwa nzuri. Alimwingiza ndani, akampa uji, akampigia simu Kellen kusema atachelewa, kisha akampeleka kwa Karangwa, kiongozi wa mudugudu, kitongoji chao, kwa sababu mgeni anayelala lazima aandikishwe.

Karangwa alifungua kitabu cha wageni.

"Huyu mzee iko na kitambulisho?"

"Hana."

"Ametoka wapi?"

"Ondara."

"Iko Congo?"

"Hapana. Ilifungwa jana."

Karangwa aliandika: Ondara, imefungwa. "Yeye anafanya kazi gani?"

"Ninauza taa za mafuta na kamba," alisema mwuza taa.

"Nta kibazo, hakuna shida," Karangwa alisema. "Huku umeme inakatikaga. Lakini Jumamosi ya mwisho ya mwezi aje umuganda kufanya usafi wa mtaa kama wengine." Akagonga muhuri.

Wiki hiyo habari zilifika za watu wengine wa Ondara. Walinzi thelathini wa lango walikuwa wamejitokeza Kimisagara kwenye kituo cha vijana, na kwa kuwa walizoea kusimama tu, walipewa kusimama kwenye kivuko cha barabara wakati watoto wakienda shule. Huko Rwezamenyo, fundi cherehani aitwaye Mutabazi alimpokea malkia aliyekuwa akicheza naye kila alasiri baada ya swala. Alimpunguzia gauni upindo ili lisiburuze vumbi, akamweka kwenye kiti cha wateja. Ilionekana kwamba kila mmoja alikwenda kwa aliyemjali zaidi, au mahali alipokuwa na haki ya kukaa.

Mwuza taa alilala kwenye chumba cha mapipa ya maji. Asubuhi aliketi nje ya geti akimsalimu kila apitaye. Jirani wa kulia, ambaye kumbe aliitwa Manzi na alifanya kazi benki, alisimamisha gari siku ya tatu akashusha kioo kusikia vizuri. Siku ya tano alinunua kamba. Aliuliza daraja gani limevunjika, akaambiwa la kaskazini, akasema atapita njia nyingine. Praxeda hakuyaona hayo; aliyasikia tu akiwa ndani anapasi nguo.

Lakini mwanamke wa kijani hakuja, wala mpiganaji mwenye ndevu. Praxeda alifagia chumba cha pili, akatandika kitanda. Alisubiri mpaka Ijumaa, akapiga simu.

"Huko kwako amefika mtu?" aliuliza.

"Amefika. Jumatatu asubuhi, kabla sijaenda kazini."

"Nani?"

"Wewe. Yule wa kijani."

"Amekuja kwako."

"Nyumba ilikuwa kwa jina langu," Wenceslaus alisema.

Praxeda alivuta kiti, akaketi. "Na yule wako? Sijamwona huku."

"Yule nilimfuta mwezi wa nne. Simu ilikuwa imejaa."

Mwezi wa nne. Kuanzia hapo hadi Septemba, kila jioni, mbele ya ile nyumba, alikuwa akimngoja mtu ambaye hayupo. Alilifikiria jambo hilo jinsi lilivyo, kisha akauliza anafanya nini huko, yule wa kijani.

"Anapika. Wenzangu wamemtengea pembe, wameweka pazia. Ana sauti yako ile ya zamani." Wenceslaus alikuwa akiongea haraka, kama mtu aliyepata habari za kusimulia. "Jana nilijikata mkono na waya. Aliuwekea kiganja tu, ukafunga. Na anauliza, Praxeda. Nikirudi anataka kujua kila taa niliyobadilisha."

"Zamani na mimi nilikuwa nauliza."

"Ndiyo. Nakumbuka."

Praxeda alihamishia simu kwenye sikio jingine.

"Ile likizo ya Desemba ya kuja huko," Wenceslaus alisema, "nafikiri nitaisogeza mbele. Si vizuri kumwacha peke yake. Hajui mtu hapa."

"Ni kweli," Praxeda alisema. "Ni vigumu kukaa mahali usipomjua mtu."

Siku hiyo walikuwa wameongea dakika kumi na nane. Tangu mumewe aondoke hawakuwahi kufika kumi. Praxeda alikwenda chumba cha pili, akakunja shuka alizotandika, akazirudisha kabatini. Kisha alitoka nje, akaketi kwenye jiwe kando ya mwuza taa. Barabara ilikuwa na vumbi jekundu na mafundi walikuwa wakishusha matofali kwenye kiwanja cha mbele.

"Karibu, msafiri," mwuza taa alimwambia.

"Asante," Praxeda alisema. "Mume wangu haji."

"Daraja la kaskazini limevunjika."

Praxeda alikubali kwa kichwa. Wakakaa hapo mpaka mafundi walipomaliza.

Ijumaa iliyofuata simu haikulia, na iliyofuata hiyo haikulia. Ijumaa ya tatu, saa kumi na moja jioni, ililia. Aliyepiga hakuwa Wenceslaus. Praxeda alisikia sauti yake mwenyewe, ya miaka kumi iliyopita, isiyo na mkwaruzo.

"Shikamoo, dada," sauti ilisema. "Umeshindaje?"

"Marahaba. Nimeshinda salama."

"Mvua imenyesha huko?"

"Imenyesha tangu juzi. Barabara imeharibika."

"Na kazini wanakutuma nini sasa?"

Praxeda alimweleza kuhusu mashine mpya ya kupasha joto watoto njiti, yenye maelekezo ya kurasa mia moja na kumi, na neno moja ambalo hakuwa amelipatia Kiswahili. Yule wa kijani alisikiliza. Alipendekeza neno, halikufaa, akapendekeza jingine, nalo likafaa. Praxeda aliliandika mkononi kwa kalamu. Nyuma ya sauti ile alisikia sufuria ikifunikwa, na mtu akiingia na kuvua viatu, kwanza kimoja, kisha cha pili, jinsi Wenceslaus anavyovua.

"Unaongea na nani?" Wenceslaus aliuliza kutoka mlangoni.

"Ni yule wa Kigali," mwanamke wa kijani alisema.

"Aa. Msalimie."

"Anakusalimia," yule wa kijani alimwambia Praxeda.

Praxeda akapokea salamu.