Fomu ya Walevi

Ngazi za jumba la makumbusho zilikuwa themanini na nne, na mfagiaji waliyemwita Soda alizifagia kutoka juu kwenda chini, kwa sababu uchafu, kama lawama, siku zote huteremka. Kufika saa kumi na mbili na nusu asubuhi alikuwa ameshamaliza thelathini. Gunia lake la chupa lilikuwa limejaa nusu. Watalii walikuwa wamekesha pale tena, wakinywa na kuimba nyimbo za kwao, na walipoondoka waliacha kila kitu isipokuwa pochi zao.

Jina la Soda alipewa na wafagiaji wenzake. Miaka kumi na tisa, kila sherehe ya wafanyakazi, wenzake wakifungua bia yeye aliomba soda, tena moja, na akaikalia hadi watu wanatawanyika. Walimtania mpaka wakachoka wenyewe. "Wewe Soda, hata uji ukichacha kidogo unaumwaga!" Naye alicheka pamoja nao. Hakuwahi kuwaambia kwamba siku waliyomzika baba yake, aliyeuawa na pombe polepole kwa miaka ishirini, alimshika mama yake mkono akaapa kwamba tone halitagusa mdomo wake. Mambo ya nyumbani hayaanikwi kwenye ngazi za watu.

Kwenye ngazi ya arobaini alikuwa amelala kijana wa kigeni, kiatu kimoja mguuni, cha pili Mungu ndiye ajuaye kilipo. Askari wa jiji alikuwa amechuchumaa kando yake akimpepea kwa kofia.

"Bosi, jua linapanda, bosi," askari alimbembeleza. "Twende kivulini basi."

Mgeni akafungua jicho moja, akatoa neno ambalo hata kwa lugha ya kwao halikuwa salamu, akalifunga tena. Askari akaendelea kupepea. Soda akafagia kumzunguka, akaziokota chupa tatu zilizokuwa miguuni pake.

Hapo ndipo alipomwona nyapara akipanda ngazi. Nyapara hakuwa mtu wa kupanda ngazi. Kwa kawaida alisimama chini kwenye kivuli na kupiga mluzi.

"Soda," alisema akihema. "Weka ufagio. Unaitwa ofisini."

"Mimi? Nimefanya nini tena?"

Nyapara akamwonyesha simu. Kwenye picha mtu alikuwa amelala kifudifudi juu ya ngazi hizihizi. Alivaa kizibao cha rangi ya machungwa chenye nembo ya jiji mgongoni, na mkono wake ulikuwa umeshika chupa ya pombe kali. Chini ya picha mtalii mmoja alikuwa ameandika, na mtu mwingine akatafsiri: *Jiji zuri, lakini mjihadhari. Hapa hata wafagiaji wamelewa saa mbili asubuhi.* Watu laki mbili walikuwa wameshaitazama.

"Lo!" Soda akasema. "Huyu si mimi? Hii si juzi nilipoanguka?"

"Ndiyo juzi."

"Sasa na wewe si ulikuwepo? Si wewe ulinimwagia maji usoni?"

Alikuwepo. Jumatatu asubuhi Soda alikuwa akiokota chupa ya wageni ili aitie guniani, kizunguzungu kikamshika, dunia ikazima. Alipozinduka alimwona nyapara na kopo la maji, na jioni zahanati ilimpima presha, daktari akatikisa kichwa na kumwandikia apumzike siku tatu. Hakupumzika. Mfagiaji anayepumzika siku tatu hukuta ufagio wake una mkono wa mtu mwingine.

Nyapara alizitazama ngazi, moja baada ya nyingine.

"Nilikuwepo, sikatai," alisema. "Lakini na mimi nina watoto wanne, ndugu yangu. Wakiniuliza, nitasema nilikukuta umeshaamka."

*

Afisa nidhamu alikuwa mtu mpole, na hilo ndilo lililomtia Soda wasiwasi. Alimwita "mzee wangu", akamvutia kiti, akamtuma mhudumu alete maji. Feni iliyokuwa juu yao haikupoza chochote ila ilipeperusha karatasi, kwa hiyo kila karatasi pale mezani ilikandamizwa na kitu: kikombe, kufuli, jiwe. Nyapara alisimama mlangoni kama shahidi asiyetaka kuitwa.

"Mimi nilikuwa mgonjwa, mheshimiwa," Soda alisema. "Cheti hiki hapa."

Afisa akakisoma cheti, akakigeuza, akatazama nyuma.

"Hakina muhuri wa daktari wa halmashauri."

"Daktari wa halmashauri anakuja Alhamisi tu."

"Naam."

"Mimi nilianguka Jumatatu."

Afisa akatafakari. "Hapo ndipo penye tatizo," alisema, wala hakuwa anafanya mzaha.

"Basi kesho ndiyo Alhamisi. Nitapanga foleni alfajiri, anigongee."

"Muhuri haurudi nyuma, mzee wangu. Atakugongea kwamba kesho u mgonjwa. Na mheshimiwa meya anataka jibu leo kabla ya adhuhuri. Wenye hoteli wamempigia simu tangu jana. Wanasema wageni wanaulizia kama jiji hili ni salama."

Akatoa fomu mbili, akaziweka bega kwa bega, akaziwekea mkono zisiruke. Moja ilikuwa nyeupe, nyingine ya njano. Nyeupe ilikuwa ya kulala kazini. Adhabu yake kufukuzwa, na mfukuzwa hukabidhi chumba cha kota ndani ya siku saba. Soda aliisoma sentensi hiyo mara mbili. Chumba cha kota ndicho alichoishi na mama yake, mwenye miaka sabini na minne na magoti yaliyogoma, ambaye safari yake ndefu ilikuwa kutoka kitandani hadi kwenye kigoda cha mlangoni. Hawakuwa na kwingine.

"Na hii ya njano?"

Uso wa afisa ukachangamka. "Hii ni mpya. Mpango wa Kuwarejesha Walevi. Mfanyakazi anakiri, anaonywa, anapewa ushauri nasaha wiki sita, na kazi yake iko palepale. Chumba kipo, kila kitu kipo. Ni mpango mzuri sana, ila tangu tuuzindue hatujapata mtu. Meya anatuuliza kila wiki."

"Lakini mimi sinywi."

"Inawezekana."

"Muulize yeyote. Wananiita Soda!"

"Mzee wangu, nisikilize." Afisa akashusha sauti, kama mtu anayempa nduguye siri ya kumfaa. "Mimi sikatai kwamba uliumwa. Ila mlevi ana mpango. Mgonjwa asiye na muhuri hana mpango. Nikusaidieje?"

Soda akamgeukia nyapara. Nyapara akajikuna shingo.

"Heri nusu shari kuliko shari kamili," alisema. "Kubali tu yaishe, bwana. Leo wanasema, kesho wamesahau."

Hasira ilimpanda Soda mpaka masikio yakamwaka. Alitaka kuinuka, achane zote mbili, nyeupe na njano, aende zake. Akawaza magoti ya mama. Akakaa.

"Haya yatakayoandikwa yatabaki humu?"

"Siri ya ofisi kabisa," afisa alisema, akachukua kalamu. "Ulianza kunywa lini?"

Soda akaduwaa. Hakuwa amefikiri kwamba fomu ya walevi ina maswali. "Zamani," alisema.

"Zamani ya lini? Hapa wanataka mwaka."

Akataja mwaka. Ulikuwa mwaka ambao baba yake alirudi na pombe mdomoni kwa mara ya kwanza.

"Unakunywa nini?"

"Ile... ya kienyeji. Ya kopo."

"Makopo mangapi?"

Hapa alikwama, kwa kuwa baba hakuwahi kuhesabu. "Mpaka yaishe," alisema, na afisa akatikisa kichwa kwa heshima, akaandika.

"Na ukishalewa unafanya nini?"

 Jibu likamjia Soda lenyewe, bila kulitafuta. "Kwanza naimba. Nikiimba mnaweza kudhani ni furaha. Kisha nalia, namtaja mama yangu. Kisha navunja vyombo. Sahani, vikombe, chochote cha kuvunjika. Siku moja nyumba nzima tulibaki na kikombe kimoja cha bati. Tukawa tunapokezana chai."

Nyapara mlangoni alikuwa amefungua mdomo. Afisa aliweka kalamu chini, akamtazama kwa huruma ya kweli.

"Pole sana, mzee wangu. Unaona sasa? Mtu akisema ukweli mzigo unapungua."

Soda akatia sahihi. Mzigo haukupungua.

*

Alidhani yamekwisha, lakini nje ya mlango alikuwa akisubiriwa na binti wa idara ya sura ya jiji, mwenye kamera shingoni na nakala ya fomu ya njano mkononi. Wino wa sahihi ulikuwa haujakauka vizuri. Alimsalimu shikamoo vizuri tu, akamwambia warudi kwenye ngazi upesi kabla mwanga haujawa mkali.

"Hiyo karatasi si siri ya ofisi?" Soda akauliza.

"Na mimi si wa ofisi, baba?" binti akasema, akacheka.

Alimsimamisha kwenye ngazi ya arobaini na ufagio wake. Kijana wa kigeni alikuwa ameshaondoka, ameacha doa. Binti akamwomba Soda asimame mbele ya doa ili lisionekane. Akamwambia ainue kidevu, atabasamu kidogo, si sana, tabasamu la mtu aliyetoka mbali. Alipiga picha kumi na saba.

Kabla ya saa nane picha ilikuwa imeshajibu picha. Ilikwenda kwenye simu za watu na ushuhuda wake wote chini, tangu kopo la kwanza hadi kikombe cha bati, na mafundi wakasimamisha ubao mkubwa kwenye ngazi ya kwanza, kwa lugha nne: *Nililewa. Jiji langu limenisamehe. Karibuni.* Wageni wakaanza kusimama kuusoma. Mmoja, mwenye kopo la bia mkononi na uso mwekundu wa jua, alimtambua Soda akipita na toroli. Akamkumbatia bega, akampa simu rafiki yake awapige picha, akainua kopo lake juu kumpongeza. Bia kidogo ikamwagikia kizibao cha Soda, begani.

"Hongera, Soda!" wenzake walimpigia kelele kutoka upande wa pili. "Kumbe ulikuwa unajificha! Miaka yote unatuonyesha soda, mwenyewe unakwenda kumalizia kwa kopo!"

Safari hii hakucheka nao. Alivua kizibao, akakisuuza mara tatu kwenye bomba la uani, akakinusa, akakisuuza tena.

*

Alifika nyumbani saa kumi alasiri. Mama alikuwa kwenye kigoda chake mlangoni, na jirani wa chumba cha pili alikuwa ndiyo kwanza anaondoka kando yake akiwa na simu mkononi, na aibu ya mtu aliyekwisha kusema.

"Shikamoo, mama."

Mama hakuitikia marahaba. "Njoo," alisema. "Nipumulie."

Soda alikuwa na miaka arobaini na saba. Alipokuwa kijana mama alimwambia hivyo kila jioni, akirudi kutoka mpirani, akirudi kutoka harusini, mpaka siku alipotimiza thelathini mama akasema: sasa umekuwa mtu mzima, nimekuamini. Hawakurudia tena. Akachutama mbele ya kigoda, akapumua. Mama alifumba macho akanusa, mdomo, kisha mashavu, kisha shati.

"Hunuki kitu."

"Kwa sababu sijanywa, mama. Si leo, si juzi, wala sijawahi."

"Jirani amenisomea yote," mama alisema. "Unaimba. Kisha unalia. Kisha unavunja vyombo. Jiji lingeyajulia wapi hayo kama hukulisimulia wewe?"

"Nililisimulia mimi. Lakini yale ni ya baba."

"Ndiyo, ni ya baba yako. Mtoto wa nyoka ni nyoka. Nilikuwa nikimwomba Mungu isiwe hivyo."

Soda akaanza kumweleza. Alimweleza fomu nyeupe na fomu ya njano, daktari wa Alhamisi, muhuri usiorudi nyuma, meya, wenye hoteli, na mlevi mwenye mpango na mgonjwa asiye nao. Alieleza taratibu, kwa mpangilio, na kadiri alivyoeleza ndivyo alivyojisikia mwenyewe anaongea kama mlevi. Baba pia hakuwahi kukosa maelezo. Kila usiku alikuwa nayo, marefu, na kila mtu alikuwa na hatia ndani yake isipokuwa yeye.

Mama alimsikiliza mpaka mwisho. Hakumkata hata mara moja.

"Pua yangu imezeeka," alisema. "Hilo tu. Kaa, nikutilie chai."

"Kaa wewe, mama. Magoti yako."

Hakukaa. Aliinuka kwa kushika ukuta, akaenda kwenye kabati. Pale juu vilikuwepo vikombe sita vya kauri vyenye ua la buluu, alivyovinunua wiki moja baada ya maziko, kitu cha kwanza kabisa kukinunua akiwa mjane. Katika miaka yote ile hakikuvunjika hata kimoja. Alivishusha kimoja kimoja, akavifunga ndani ya shuka kuukuu, kila kimoja na mkunjo wake, akapiga magoti yasiyotaka kupigwa, akausukuma mzigo chini ya kitanda hadi ukutani. Mikono yake ilifanya kazi hiyo haraka, bila kutafuta, kama mikono ya mtu aliyeifanya mara nyingi.

Halafu akaingiza mkono ndani zaidi, nyuma ya sanduku la nguo, akatoa kitu, akakifuta vumbi kwa upindo wa kanga yake, akakimiminia chai, akamletea mwanawe.

Kilikuwa kile kikombe cha bati. Soda alikuwa hajui kwamba mama bado amekitunza.