Ng'ombe wa Mzee Mwandu

Wilhelmina alimpeleka baba yake, Mzee Mwandu, hospitali mjini Bariadi kwa ajili ya mkono unaotetemeka na miguu inayogoma. Habari za ng'ombe anaowaona yeye peke yake sebuleni, walikubaliana nyumbani kuzificha, watu wasije wakasema mzee amelogwa. Walishazoea hata kuwafungulia mlango ng'ombe hao, watoke, ili mzee akubali kula.

Daktari akaandika dawa ya kutetemeka. Walipofika mlangoni mzee akasimama.

"Dume limelala hapa. Nipite wapi?"

Wilhelmina, bila kufikiri, akapiga mluzi na kuchapa hewa kwa kanga. "Shii! Toka!" Mzee akapita.

"Mama," daktari akaita, "umemfukuza nani?"

"Ng'ombe wa baba."

"Ameanza kuwaona lini?"

"Tangu mavuno ya pamba ya mwaka juzi. Hata mkono ulikuwa haujaanza kutetemeka."

Daktari akainyakua ile karatasi ya dawa mkononi mwake, akaichana. "Dawa hii ingemzidishia ng'ombe hao, ingemjazia zizi! Magonjwa ya kutetemeka yanafanana, na ng'ombe kama hao ndio wanaotuonyesha ni ugonjwa upi. Kaa chini, usinifiche hata ndama."

Wilhelmina akakaa, akaanza upya, safari hii bila kuficha ng'ombe wala jinsi mzee anavyoanguka chali.