Uzito wa Abiria wa Nyuma

"Kilo hamsini na tano," mzee alimwambia fundi bila kupepesa jicho.

Mkewe, aliyekaa kwenye benchi la gereji na mto mdogo nyuma ya kiuno, aligeuza kichwa polepole. "Nani huyo wa hamsini na tano?"

"Si wewe, mama watoto."

"Hizo niliziacha siku ya harusi. Au kuna mwingine unayempakia?"

Fundi, mwanamke mfupi mwenye grisi hadi viwikoni, aliinama nyuma ya gurudumu la pikipiki yao apate kucheka vizuri. Alipoinuka alikuwa amekunja uso kikazi. "Mama, shokapu hazichaguliwi kwa heshima. Sema kweli mbele ya Mungu."

"Themanini na moja. Na leo nimekula."

"Basi tumeponea chupuchupu." Fundi akaanza kuifungua ile shokapu ya kwanza aliyokwisha kuifunga. "Kwa hesabu ya mzee nilikuwa nawapa spring hizi nyembamba. Shimo la kwanza tu, zingegota."

Mzee alikuna shingo. "Mimi sijaona kama ameongezeka," alisema, chini chini, na ilionekana hasemi uongo.

Miaka ishirini na sita mama huyu alikuwa amekaa nyuma ya mgongo huo. Pikipiki yao ilikuwa ya safari, pana, nzito, yenye masanduku mawili ubavuni na egemeo la abiria lililochakaa kwa umbo la mgongo wake mwenyewe. Mzee alitengeneza vyerehani vya shule za bweni na vya mafundi nguo wa mbali. Yeye akimaliza kukaza, mama hukaa, hukanyaga, hushona mstari mmoja kwenye kitambaa chakavu, kisha hukigeuza upande wa chini. Kazi haikwisha mpaka mama aseme imekwisha.

Lakini tangu mwaka jana kila shimo la barabara lilimwingia kiunoni kama msumari. Daktari alimpumzisha miezi mitatu, kisha akamwambia apande akitaka, ila asirushwe. Mzee akasema, akiutazama ukuta, kwamba kama mama hapandi, naye hapandi. Mnunuzi angekuja Jumamosi kuichukua pikipiki. Mama hakubishana. Katika sala zake hakuomba isiuzwe. Aliomba tu asiwe yeye sababu.

Na leo ilikuwa Alhamisi, na shokapu mpya zilikuwa jaribio la mwisho.

"Kwa nini tusichukue hizi?" Mzee alikuwa ameshika jozi nyingine, nene, spring nyekundu, kila moja na kikopo chake kidogo pembeni, ziking'aa kama vyombo vya sherehe. "Hizi hata lori zinabeba."

"Kipya kinyemi, mzee. Hizo ni ndefu kwa vidole viwili. Zitainua mkia, stendi haitagusa chini. Halafu ni ngumu, kila kijiwe kitampata mama."

"Ngumu ndiyo imara."

"Hata jiwe ni imara," mkewe akasema, "mbona hulilalii?"

Mzee akazirudisha taratibu, kama anayemrudisha mtoto wa watu kwao.

Fundi alipokwenda kutafuta jozi ya kufaa rafuni, mama aliona juu ya meza shokapu ya zamani iliyokatwa kwa msumeno. Alijiinua, mkono kiunoni, akasogea. Ndani ya bomba kulikuwa na mafuta meusi yaliyoganda pembeni, na mwisho wa fimbo ya chuma kisahani kidogo kisichozidi sarafu. Kwenye kisahani, vitundu.

"Hivi ni vya nini?"

"Ndiyo kazi yenyewe hiyo, mama. Spring inabeba, lakini ingekuwa peke yake ungerukaruka mpaka nyumbani. Gurudumu likipigwa, mafuta yanalazimika kupita hapo kidogo kidogo. Ndipo kishindo kinapochoka."

Mama aliinamia zaidi. Aliyajua matundu madogo. Maisha yake yote alikuwa ametia uzi ndani yake. Lakini matundu kama haya yalipitisha mawe, makorongo, madaraja ya mbao, yeye na kilo zake zote, mume wake, masanduku ya vyuma. Miaka ishirini na sita! Na yeye alikuwa akishukuru kwa kufika salama bila kujua njia aliyopitishwa.

"Subhanallah," alinong'ona. Akatoa leso, akafuta ukingo wa bomba, kisha akaona amefanya jambo la ajabu, akairudisha leso yenye doa mfukoni.

Jozi iliyofungwa ilikuwa nyeusi, ya kawaida, urefu sawasawa na zile za zamani. Fundi alichora alama ya chaki chini ya kiti, akapima kwa utepe hadi ekseli ya gurudumu la nyuma: pikipiki tupu; mzee peke yake; mwisho wote wawili na sanduku la vifaa.

"Isiposhuka, ni jiwe. Ikishuka mno, ni godoro lililokufa," alisema akiwa amechuchumaa. "Hapa imekaa. Mama, waonaje?"

Mama alikuwa amefumba macho. "Kushoto kunanisukuma."

"Hapana. Nimezifunga sawa."

"Kidogo sana. Lakini kunanisukuma."

Fundi akainama kwa adabu tu. Alikaa huko chini muda mrefu. Pete ya kukazia spring ya kushoto ilikuwa imepanda meno matatu, ya kulia mawili. Alipoinua uso, utani wote ulikuwa umemtoka. Alimtazama mama, akachukua tambara na kufuta mikono, kidole kwa kidole, ndipo akashika tena spana.

"Mzee," alisema, "ulikuwa unaniambia nini kuhusu uzito?"

"Sikusema kitu," mzee alijibu.

Walitoka kuijaribu. Makubaliano yalikuwa mpaka mwisho wa lami na kurudi. Mama alishika vyuma vya pembeni kwa mikono miwili, meno yameumana, akiungojea msumari. Shimo la kwanza likaja. Alilisikia likiingia kwenye gurudumu, likapanda, likafika mahali fulani chini yake, likaisha. La pili likaisha.

Lami ikakatika. Mzee alipunguza mwendo, akaweka mguu mmoja chini.

"Tugeuze?" aliuliza bila kugeuka. Sauti yake ilikuwa ndogo.

Mama aliitazama barabara ya changarawe iliyopanda kilima, nyekundu, ina mawimbi kama nguo isiyopigwa pasi. Aliachia vyuma, kimoja, kisha cha pili, akaweka mikono mapajani.

"Nenda taratibu," alisema.

Pikipiki ikaingia kwenye mawe, na gurudumu la nyuma likawa linashuka na kupanda chini yake, linashuka na kupanda, kama kifua cha mtu aliyelala.