Mguu wa Kijani

Seremala alipolifikia, dawati lilikuwa limeshashuka ngazi za shule, limetoka getini na kuvuka barabara ya kwanza. Lilisimama ukingoni likingoja gari la taka lipite ili livuke ya pili. Lilitembea polepole, likichechemea mguu wa nyuma wa kushoto. Mguu ule seremala aliujua. Aliuunga mwenyewe likizo iliyopita kwa kipande cha mlango mkuukuu, ndiyo maana ulikuwa wa kijani.

Haikuwa habari mpya. Dawati likikaliwa na mtoto mmoja mwaka mzima humzoea, na mtoto akihamishwa shule nalo humfuata. Muhula ule yalishaondoka kumi na moja, na watu waliyapisha njiani kama wanavyompisha mtu aliyebeba gunia. Lakini hili lilitoka darasa la saba, darasa la binti yake, na wazazi wa darasa la saba walikuwa wameapa kwamba hakuna atakayemwondoa mtoto. Seremala aliyajua madawati kwa majeraha yake, si kwa wenyewe. Basi akalifuata, nyundo mkononi, aone ni la nani.

Kiapo chenyewe kilitoka kwenye kikao cha miezi miwili nyuma. Shule teule ya ng'ambo ya mji ilikuwa imetoa nafasi chache kwa watoto wa shule za umma, na binti wa seremala aliandikiwa barua. Wazazi wakakaa kujadili.

"Tukiwatoa wanaofaulu, hapa tunabakiza nini? Stoo?" alisema mwenyekiti wa kamati. Alikuwa karani wa bima, kaka wa mke wa seremala, na watu walimwita Bwana Usawa kwa sababu neno hilo halikumkauka mdomoni.

"Mwanangu yuko la saba na kugawanya hajui," alijibu mama wa saluni. "Huo usawa wako utamfundisha hesabu?"

"Tukibaki pamoja tutadai mwalimu wa hesabu mpaka aletwe."

"Tunadai tangu wangu ana meno ya utoto. Sasa anaota ndevu."

Watu wakacheka, lakini mwisho walitia sahihi wote, mama wa saluni naye huku akisonya. Jioni ile Bwana Usawa alimfuata seremala karakanani, akakaa juu ya rundo la mbao.

"Shemeji, mwenye barua ni wewe. Ukiondoka, kila mtu anafungasha. Ukibaki, watabaki."

"Na wako?"

"Wangu aende wapi, shemeji? Tuko wote."

Seremala akaandika kuirudisha nafasi. Binti yake aliuliza jambo moja tu.

"Mjomba ndiye amesema?"

"Ndiye."

"Haya," akasema, akaenda kuosha vyombo.

Dawati lilifika kwenye geti la shule teule saa nne kasoro. Mlinzi aliangalia orodha, akalifungulia. Msichana mmoja alitoka darasani kulipokea, sweta lake jipya bado lina alama za kukunjwa dukani. Alikuwa binti wa Bwana Usawa.

"Shikamoo."

"Marahaba. Umeanza lini huku?"

"Leo. Kuna mtu alirudisha nafasi, baba akaiwahi. Ila alisema nisitaje kwanza, mpaka kikao kipite."

Seremala akainama, akaukaza ule mguu wa kijani, kwa kuwa safari ilikuwa imeulegeza. Kisha akarudi kazini.

Kikao kilikuwa Jumamosi. Alimwendea shemeji yake kabla hakijafunguliwa, akamwambia amelisindikiza dawati. Bwana Usawa hakukana.

"Mimi napigania mfumo, shemeji. Mtoto si mfumo."

"Nafasi ile ilikuwa ya mpwa wako."

"Mpwa wangu ana kichwa. Huyo hata umweke wapi atafaulu. Wangu ndiye anahitaji kusukumwa."

Kisha akafungua kikao. Ajenda ilikuwa upotevu wa madawati. Alieleza vizuri sana kwamba dawati likiondoka anayeumia ni mtoto wa mnyonge, na akapendekeza yote yapigiliwe sakafuni. Mikono ikanyooshwa, likapita. Kazi akapewa seremala.

Angeweza kukataa. Lakini tangu Jumatatu dawati la binti yake nalo lilikuwa likiondoka kila mapumziko, kuifuata ile nafasi aliyoandikiwa. Lilifika mpaka geti la shule teule, mlinzi akatazama orodha, jina halimo, akaligeuza. Siku mbili binti alikaa sakafuni kungoja lirudi.

Mengine aliyapiga misumari minne. La binti yake alilipiga minane, binti mwenyewe akimshikia boksi la misumari.

"Ongeza kwenye huo mguu wa mbele, baba," alimwambia. "Ndio wenye haraka."

Mwalimu wa hesabu aliletwa mwaka uliofuata, akakaa muhula mmoja, akahamishwa. Mama wa saluni alikuwa ameshamwondoa mwanawe kabla ya hapo bila kumuaga mtu, na dawati lake liling'oka na kipande cha sakafu. Binti wa Bwana Usawa alimaliza shule teule, katikati ya orodha, na mguu wa kijani ulipakwa rangi ufanane na mingine. Bwana Usawa alichaguliwa tena mwenyekiti, mara mbili, na bado huongea vizuri. Binti wa seremala alipata sekondari ya kutwa iliyo nyuma ya soko. Huko nako hesabu haina mwalimu. Akikutana na mjomba wake humwamkia, akaishia hapo. Seremala bado hutengeneza madawati ya shule ile.

Dawati lenye misumari minane halijakubali kukaliwa na mtoto mwingine. Kila mapumziko huvuta kuelekea mlangoni, na sakafu ya darasa la saba hulia. Walimu wamezoea, hupaza sauti kidogo wakaendelea.